Kila Mwenye Pumzi, Isipokuwa Pampu

Jumatatu, 2 Juni

Nimepata! Safari hii sibahatishi. (Mke wangu amesema hata wakati wa viti vya kukunja sikubahatisha. Nimemwacha aongee.)

Ilikuwa hivi. Nimempeleka mama mkwe kwa daktari. Tangu baba mkwe afariki na yeye ahamie kwetu, analalamika kifua kimembana, hewa haifiki chini. Zamani akiimba kanisani walio barabarani walisikia. Sasa hata kikohozi chake kina adabu. Anakaa kwenye kiti cha mlangoni asubuhi hadi jioni, na mke wangu anamtazama kisha anakwenda kulia jikoni akidhani sioni.

Daktari akapima, akasema mapafu ni mazima, kilichomkalia ni huzuni. Avute pumzi taratibu, aitoe taratibu, kila siku. Mama mkwe akamjibu kwamba yeye si samaki wa kukaa anafungua na kufunga mdomo bure. Kama ni lazima, ataifanya na Neno: avute kwa nusu ya mstari, atoe kwa nusu nyingine. Daktari akasema hiyo ni bora zaidi.

Basi benchi zima la wagonjwa waliosikia nje ya mlango likaanza kuvuta hewa! Wote! Hapo hapo nikaliona jambo lote. Mimi ni fundi makochi. Karakana yangu imejaa vipande vya sponji ambavyo mke wangu ameagiza vitoke, au nitoke navyo. Sponji ikishonewa kitambaa ni mkeka. Mikeka ikipangwa ni darasa. Na darasa lina mwalimu.

Miaka yote naitwa Fundi, na nikigeuka, naitwa Mipango. Sasa wataniita Mwalimu. Hata mara moja tu. Mbele za watu.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda kwa mchungaji kuomba ukumbi mdogo wa kanisa, siku za Jumamosi. Nikamkuta nani? Pampu! Fundi baiskeli wa mkabala na karakana yangu, yule mwenye bendi ya matarumbeta inayofanya mazoezi nyuma ya duka lake na kuwaliza mbwa wa mtaa mzima. Anautaka ukumbi huo huo, siku hiyo hiyo. Ana roho mbaya.

Mchungaji hakutaka kumuudhi mtu. Amesema Jumapili ya tarehe 15, baada ya ibada, kila mmoja aonyeshe alicho nacho, kisha ataamua. Akaniuliza darasa langu limesimama juu ya andiko gani. Sikuwa na andiko. Nikaifungua Biblia yake mwishoni mwa Zaburi, na tazama: kila mwenye pumzi na amsifu Bwana! Nikaifunga haraka kabla bahati haijabadilika. Mchungaji akatabasamu, akauliza kama nimeisoma zaburi yote. Nikasema naijua kama kiganja changu.

Jioni nimeuandika mstari huo kwa rangi nyekundu kwenye kitambaa cha kochi la watu watatu. Umependeza mno. Kochi ni la mteja, lakini atapata kitambaa kingine.

Alhamisi, 5 Juni

Mzee wa kanisa amekuja karakana. Amesikia kuna yoga. Amesimama mlangoni, miguu nje, kichwa ndani, asije akachafuka. Nikamwambia yoga iko wapi, baba, hapa ni Biblia tupu. Akaniuliza mbona nimesimama kwa mguu mmoja. Nikasema huyu ni Zakayo, anachungulia juu ya watu. Akauliza na kule kujikunja sakafuni. Nikasema Yona, tumboni mwa samaki. Kusimama wima bila kutikisika? Mke wa Lutu, aliyegeuka nyuma akawa nguzo ya chumvi. Na kulala chali kabisa? Eutiko, baba, yule kijana aliyesinzia wakati Paulo akihubiri.

Akafikiri. Akasema Eutiko alianguka dirishani akafa, ndipo akafufuliwa. Nikamwambia tunafanyia chini, hakuna dirisha. Akasema basi na yeye atakuja, kwa ajili ya kutuchunguza.

Sikujua nina akili kiasi hiki!

Jumamosi, 7 Juni

Darasa la kwanza, karakana kwangu. Wamejaa! Akina mama wa kwaya, mshona viatu, mzee wa kanisa, na mama mkwe mkeka wa mbele. Yeye ndiye tangazo langu. Akipona watakuja wengi.

Nilianza na mstari mrefu ili waone kina changu. Kosa dogo. Ulikuwa orodha ya nani alimzaa nani, na kabla hatujamfikia mjukuu mshona viatu akawa rangi ya zambarau. Tukarudi kwenye wa kitambaani. Vuta: kila mwenye pumzi. Toa: na amsifu Bwana.

Mke wa Lutu alikwenda vizuri mpaka mlango ukagongwa, wote wakageuka nyuma. Nikawaambia wote ni chumvi. Wakacheka sana, jambo ambalo sikuliruhusu.

Kisha Eutiko. Mzee wa kanisa alipolala tu akaruka juu na kupaza haleluya iliyotikisa vioo. Watu wakadhani ameguswa na Roho. Aliguswa na msumari wangu mdogo wa kupigilia kochi, uliosahaulika ndani ya sponji. Nimeuchomoa kimyakimya. Ushuhuda ni ushuhuda.

Waliobaki wakalala usingizi. Na mimi pia, kidogo. Nilipoamka mama mkwe alikuwa amekaa, mkono kifuani, machozi yanamtoka. Akaniambia, mkwe wangu, leo imefika chini. Ile pumzi. Imefika mpaka chini.

Nilifurahi hadi nikaanza kukunja mkeka aliokuwa bado ameukalia. Nimeandika hapa kwa sababu mke wangu hatasoma.

Jumatatu, 9 Juni

Mkakati. Lazima nijue nguvu za adui. Nikatoa upepo kwenye tairi la toroli langu kwa mkono wangu mwenyewe, nikamwomba mama mkwe alipeleke kwa Pampu likajazwe, akae hapo, asikilize bendi, aniletee udhaifu wao. Mama mzima na kilemba chake, nani atamshuku?

Alitoka saa tatu asubuhi. Akarudi jioni. Tairi halina upepo bado! Lakini taarifa aliyoleta ni dhahabu: wapigaji wa Pampu wanaishiwa pumzi katikati ya kila wimbo. Wanavuma, wanakatika, wanakohoa. Nimecheka hadi mke wangu akaja kuona kuna nini. Mtu anaitwa Pampu, hana upepo!

Mama mkwe amejitolea kwenda tena kesho. Atachukua na akina mama wa kwaya, ili waangalie kila upande. Nina kikosi cha wapelelezi!

Alhamisi, 12 Juni

Jambo la ajabu. Darasa langu lote lina alama ya duara mdomoni. Nyekundu, mviringo kamili. Mama mkwe anayo kubwa kuliko wote. Hata mzee wa kanisa. Wameniuliza ni nini, wakitazamana. Nikawaeleza kitaalamu kwamba ni uchafu wa damu unaotoka kwa njia ya pumzi. Mama mkwe akaziba uso kwa kanga, mabega yakitikisika. Nadhani aliguswa na elimu yangu.

Pumzi zao sasa ni za kutisha. Zaburi ya mchungaji mwema wanaimaliza nusu yake kwa pumzi moja. Nilipojaribu na mimi nikaona nyota.

Jumamosi, 14 Juni

Nimepeleka mikeka ukumbini kwa ajili ya kesho. Mizito ajabu! Mgongo umekufa. Itakuwa unyevu. Akina mama walisisitiza kuikunja wenyewe. Wana moyo.

Nimefanya mazoezi ya uso nitakaouvaa nikiitwa Mwalimu. Mke wangu ameuliza kama jino linauma.

Jumapili, 15 Juni

Niandike pole pole. Bado sijaelewa yote.

Ukumbi ulijaa. Bendi ya Pampu ilikaa kushoto, watu wachache, wanyonge. Nilitaka kumhurumia. Nikatundika kitambaa changu chekundu, nikapanga mikeka ikiwa bado imekunjwa; akina mama walisema wataikunjua wenyewe. Darasa langu likakaa, mgongo wima. Vuta. Toa. Ukumbi mzima ukatulia, hata watoto. Kwa muda huo mfupi niliona kila kitu kinakwenda kama nilivyoota.

Mchungaji akasimama. Akasema amependa mstari, basi tuisome zaburi yenyewe tangu juu. Akasoma. Na juu ya mstari wangu, mistari mitatu tu, nimehesabu baadaye, imeandikwa Bwana asifiwe kwa nini? Kwa baragumu! Kwa matari! Kwa matoazi yavumayo sana! Pampu akaanza kutabasamu. Nani aliyaweka pale?

Hapo darasa langu likainama. Likakunjua mikeka. Mikeka yangu, iliyovunja mgongo wangu! Na ndani ya kila mkeka, tarumbeta. Mshona viatu, tarumbeta. Mzee wa kanisa, tarumbeta. Wapelelezi wangu wote! Na mama mkwe akatoa kutoka kwenye sponji ya kochi la watu watatu lile kubwa kupita yote, lenye mdomo kama beseni, akalikumbatia.

Wakavuta pumzi. Niliihesabu vuta hiyo, maana niliifundisha mimi. Kisha wakapiga.

Sijawahi kusikia kitu kama hicho. Hawakukatika, hawakukohoa. Mama mkwe alishika sauti moja ya chini, ikaenda, ikaenda, vioo vikaimba, na macho yake yakawa kama ya kwenye ile picha ya harusi yake iliyoko sebuleni. Mke wangu aliinamia benchi akicheka na kulia kwa pamoja. Na mimi nililia. Kwa hasira, nadhani. Haikuwa hasira.

Mchungaji akatoa uamuzi: ukumbi ni wa wote wawili, saa ya kwanza pumzi, saa ya pili matarumbeta. Pampu akaja kunishika mkono. Akasema bila mapafu niliyowajaza bendi yake ingekufa. Kisha mama mkwe, kilemba kimekaa upande, akatangaza mbele ya kanisa zima kwamba hewa yake ilikuwa imekwama na aliyeikwamua ni mkwe wake, na kuanzia leo asimsikie mtu akimwita Mipango. Ni Mwalimu.

Watu wakapiga makofi. Ule uso niliouandaa sikuukumbuka.

Jumatatu, 16 Juni

Kiti cha mlangoni kiko wazi. Mama mkwe yuko kwa Pampu tangu asubuhi. Toroli bado halina upepo. Mke wangu anaimba jikoni.

Nimekaa nikatafakari niliyoyapitia. Kosa langu nimeliona: ukumbi. Ukumbi una watu wengi mno. Mwalimu wa kweli anahitaji faragha. Nikafungua Biblia, mara hii Injili, na kidole kikatua penyewe: njoni mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo! Nikaifunga palepale. Nitawapeleka watu wachache, watulivu, kwenye kiwanja kitupu nyuma ya shule. Hakuna Pampu, hakuna kelele, hakuna gharama. Nimeshaanza kuandika mstari huo kwenye kitambaa cha kochi la watu wawili.

Mke wangu ameuliza kama nimesoma yanayofuata. Nimemwambia mstari mmoja ukieleweka unatosha.

Mama mkwe aliporudi nikamweleza mpango wote. Alicheka mpaka akaketi chini, kicheko kirefu cha pumzi moja, na ninajivunia pumzi hiyo. Kisha akapangusa macho, akaniuliza nimeandaa mikate mingapi ya kulisha watu elfu tano, na je, samaki wapo.

Sijui mikate imeingiaje hapa.