Kutwa Mara Mbili

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimetukanwa kwa kanda ya kupimia. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi cherehani, alikuja kunipima suti ya harusi ya binti yetu wa mwisho. Harusi ni Jumamosi ya tarehe 22. Nitamshika mkono, nitampitisha katikati ya ukumbi, watu wote watasimama. Nimeingoja siku hiyo tangu alipoota jino la kwanza.

Kiuno, sawa. Kifua, sawa. Alipofika kwenye urefu, Fundi aliikodolea kanda macho. Akafungua daftari lake la zamani. Akapima tena. Kisha akatangaza, kwa sauti ya mnadani, kwamba nimepungua sentimita tatu. Nimepungua! Kama kipande cha sabuni! Miaka arobaini mimi na yeye tumekuwa kimo kimoja. Leo alisimama kando yangu akasema anauona upara wangu kwa juu, na kwamba unang'aa vizuri.

"Shemeji," akasema, "suruali tuikate chini. Ama sivyo utaingia ukumbini ukifagia."

Nilimjibu kwamba suruali haitakatwa. Ishonwe kwa kipimo cha zamani. Suruali haimfuati mtu. Mtu ndiye atakayeifuata suruali.

Mke wangu alicheka mpaka akatafuta kiti.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Zahanati. Daktari alisema mifupa ya uzee hupungukiwa na madini, na pingili za mgongo hubanana. Akaniandikia vidonge vya kalsiamu vilivyochanganywa na vitamini D. Mfamasia wa dirishani alikuwa na maneno mengi. Faida yake, alisema, ni kuisaidia mifupa isizidi kudhoofika. Havimrefushi mtu. Nimeze pamoja na chakula, ninywe maji ya kutosha, nisizidishe, kwa sababu ziada hushukia kwenye figo. Nilikuwa nimeacha kusikiliza baada ya neno "faida".

Nyumbani nilivaa miwani na kuisoma bahasha. "Kidonge 1, kutwa mara 2." Nikaisoma tena. Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na minne, najua ninachokisoma. Kutwa ni tangu jua linapochomoza hadi linapozama. Usiku si kutwa. Usiku ni kucha. Ndiyo maana wahenga walisema kutwa kucha. Wangetaka kutaja kitu kimoja, wasingepoteza maneno mawili. Yule mfamasia ameusahau usiku mzima!

Nimeijazia sentensi kwa kalamu nyekundu: kutwa mara mbili, kucha mara mbili. Jumla ni vidonge vinne. Huku si kuzidisha. Huku ni kukamilisha.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Jambo la kuudhi. Ukutani, kwenye ujia wa kwenda jikoni, tuna ubao mdogo mweusi. Niliagwa nao shuleni, pamoja na maboksi sita ya chaki. Mke wangu huandika humo mahitaji ya nyumba. Jana jioni palikuwa na maneno mawili: sabuni, kiberiti. Leo asubuhi, chini yake, pana sentensi.

"Mifupa wana kiu."

Wana! Mifupa si watu. Mifupa si wanyama. Hata mwanafunzi wa darasa la pili anajua kwamba mfupa hauna roho. Nilichukua chaki nyekundu, nikafuta, nikasahihisha: "Mifupa ina kiu." Nikaandika sifuri pembeni. Kisha nikamwuliza mke wangu kama anataka kunichokoza.

"Mwalimu," akasema, "mimi na ubao huo ni sabuni tu. Hayo ya mifupa utayajua wewe."

Mwandiko ni wa kizamani, wa shule, unaofanana na wangu. Ila herufi zimelalia upande wa pili, kama mwandiko unaosomwa kwenye kioo.

Nina kiu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku ya nne. Nimejipima kwenye mwimo wa mlango kwa penseli. Bado. Choo kimekuwa kigumu kama mtihani wa mwisho. Tumbo linachafuka, kifua kinawaka. Nimenunua tembe za kiungulia, zile nyeupe za kutafuna zenye ladha ya nanaa. Tamu! Natafuna sita, nane, kadiri kifua kinavyotaka. Nashushia glasi za maziwa, kwa kuwa maziwa nayo ni rafiki wa mifupa.

Bahasha imekwisha kabla ya wakati. Sikurudi kwa yule msemaji. Nilikwenda duka jingine, ambako hawaulizi, nikanunua kopo zima.

Jambo moja dogo. Nikilitikisa kopo, vidonge vinalia kocho-kocho. Nikinyamaza, kitu kinajibu. Si ndani ya kopo. Ni ndani yangu, upande wa kushoto wa kiuno, chini ya mbavu. Kocho.

Nimetikisa mara tatu. Kimejibu mara tatu.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Ubao tena. Sentensi mbili safari hii.

"Mifupa wamehesabiana. Mmoja amezidi."

Nilisimama mbele yake, chaki nyekundu mkononi. Nyumba ilikuwa kimya kabisa. Jua limeingia dirishani, vumbi jeupe linaelea hewani, wala hakuna aliyefagia. Nilitaka kumwita mke wangu. Kisha nikaona haya: mwalimu mzima kuogopa upatanisho wa kisarufi! Nikasahihisha: "Mifupa imehesabiana. Mmoja umezidi." Sifuri.

Baada ya kusahihisha ndipo nilipoielewa maana yake. Ningeliacha kosa, pengine nisingeielewa.

Nimeanza kusahau. Leo nilimwita mke wangu kwa jina la dada yangu aliyefariki. Akanishika kidevu. Akasema nimekuwa mweupe midomoni. Nikasema ni maziwa.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Fundi alirudi na kanda yake. Nilikuwa nimejiandaa. Karatasi za mitihani ya mwaka fulani, zilizokunjwa vizuri, ndani ya soksi, chini ya visigino. Sentimita tatu na nusu za elimu bora.

Alinipima. Akapima tena. Nikamwona anatatizika, nikafurahi moyoni. Kisha akainama.

"Shemeji, vua soksi."

Nikamwambia nina baridi ya miguu. Akasema basi baridi hiyo inajua kusoma, maana kupitia tundu la soksi anaona alama ya mtu kwenye kisigino: ishirini na tisa kwa mia. Nilivua. Nimebaki pale pale; hata unywele mmoja sikuongezeka. Mke wangu alicheka. Fundi hakucheka. Alikuwa ameushika mkono wangu wa kushoto, anautazama. Vidole vilikuwa vyeupe mpaka kwenye kifundo. Akavifuta kwa kitambaa chake. Vikabaki vyeupe.

"Unafundisha nani siku hizi?" akauliza.

Nilimwambia simfundishi yeyote. Tena mimi huandika kwa mkono wa kulia.

Akaizungusha kanda yake taratibu, akaniomba kwa upole nimruhusu aikate suruali. Upole wake ulinitisha kuliko dhihaka zake. Nilikataa. Jioni nimeongeza kidonge kimoja cha magharibi, kwani magharibi si kutwa wala si kucha, haina mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

"Jiwe atasimama keshokutwa."

Atasimama! Litasimama. Nimerekebisha. Sifuri, ingawa nakiri kwamba neno keshokutwa limeandikwa ipasavyo, kama neno moja. Wengi hulikosea.

Keshokutwa ni Jumamosi. Harusi.

Kocho. Safari hii sikulitikisa kopo.

Jumapili, tarehe 23 Machi. Hospitali, kitanda cha dirishani

Naandika nikiwa nimelala. Niseme yote kwa mpangilio.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Binti yangu alinishika mkono, mkono wake ulikuwa wa baridi, akaninong'oneza, "Baba, usiniache nianguke." Nikamwambia sijawahi kumwacha mtu aanguke. Watu wakasimama. Suruali, ya kipimo cha zamani, ilikuwa ikinifuata sakafuni kama mbwa wawili. Hatua ya kwanza. Ya pili. Nilihesabu hadi ya saba.

Hatua ya saba, jiwe likasimama.

Sina maneno yake, nami ni mtu wa maneno. Ilikuwa kama msumari wa moto unaopigiliwa toka ndani. Nilijikunja. Nikaikanyaga suruali. Mbele ya watu mia tatu, mimi, niliyetaka sentimita tatu, nikawa mfupi kuliko watoto wanaosindikiza maharusi. Binti yangu alipiga magoti kwenye gauni lake jeupe. Hakutaka kuondoka. Nilimpungia mkono aende. Fundi akamwinua, akampa mkono wake, wakaenda wote wawili. Binti aliondoka akigeuka nyuma. Niliviona viatu vyao tu, vinakuwa vidogo.

Daktari wa hapa ni mwanamke mdogo kuliko binti yangu. Alisema damu yangu ina kalsiamu kupita kiasi. Kiu, choo kigumu, kichefuchefu, kusahau, kuweweseka: vyote vimetoka humo. Jiwe huenda lilianza kujijenga kwenye figo zamani. Mimi nimelilisha na kulisukuma. Akasema kwa mtu wa umri wangu, miligramu elfu moja na mia mbili kwa siku zinatosha, tena chakula chake kikihesabiwa humo, wala dozi moja isipite mia tano, maana mwili haupokei zaidi kwa mkupuo. Akauliza nilikuwa nikimeza vidonge vingapi. Nilimweleza kuhusu kutwa na kucha, na magharibi isiyo na mwenyewe.

Aliweka kalamu chini.

"Babu," akasema, "kutwa hapo ni siku nzima, mchana na usiku."

Nikamwambia kamusi haikubaliani naye.

"Babu, figo haisomi kamusi."

Niliikagua sentensi yake. Haikuwa na kosa.

Akauliza kama kuna dawa nyingine ninayomeza. Nikamjibu kwa moyo mweupe kwamba hakuna.

Alipotoka, mke wangu akasogeza kiti. Akaniambia kitu ambacho hakutaka kukisema mbele ya watu. Kwamba mara kadhaa, alfajiri, alinikuta kwenye ujia nimesimama mbele ya ubao, macho wazi. Alinisemesha, sikujibu. Alidhani naandaa masomo, kama zamani. Nilikuwa nikiandika polepole sana, akasema, kwa mkono wa kushoto.

Nikamwuliza kwa nini hakuniamsha.

"Kwa sababu," akasema, "ulikuwa unatikisa kichwa kama mtu anayesomewa imla."

Jumatano, tarehe 26 Machi

Nyumbani. Jiwe limetoka. Ni dogo kama punje ya mchele, na wameniruhusu kulichukua. Nimelitia kwenye kopo tupu. Silitikisi.

Mke wangu ameyagawa maboksi yote ya chaki kwa shule ya jirani, hata vipande. Ubao ameuosha kwa maji. Binti alikuja na mumewe. Aliweka kichwa chake begani mwangu. Fundi alileta suruali. Ameikata. Nimeivaa. Inanikaa vizuri, kwa bahati mbaya.

Lakini si mwisho wa dunia. Mjukuu wangu wa kike ana miaka minne. Ataolewa siku moja, naye atahitaji wa kumshika mkono. Muda upo.

Nimeisoma kwa makini karatasi ya daktari. "Asimeze tena kalsiamu mpaka atakapopimwa." Asimeze! Daktari mwenyewe kaandika, tena kwa mwandiko unaosomeka. Kumeza ni kupitisha kitu kooni bila kukitafuna. Kutafuna ni kitenzi kingine kabisa, chenye mzizi wake na heshima yake. Tembe zangu za kiungulia ni za kutafuna. Hata hospitali niliulizwa dawa ninazomeza, nikajibu kweli tupu. Nimegeuza pakiti kutazama zimetengenezwa na nini. Kalsiamu! Kila tembe, kalsiamu! Rafiki zangu hawa walikuwa wakinisaidia kimyakimya muda wote.

Nimetafuna sita baada ya chakula cha jioni.

Alhamisi, tarehe 27 Machi

Asubuhi tulivu. Mke wangu bado amelala. Kwenye ubao pana neno moja. Chaki haimo humu ndani, kwa hiyo nilisogea nikalinusa. Nanaa.

"Tumerudi."

Nimelikagua herufi kwa herufi. Nafsi ya kwanza, wingi. Wakati timilifu. Hakuna ngeli ya kukosea, hakuna upatanisho wa kubishania. Hatimaye! Wiki tatu za kusahihisha hazikupotea bure.

Nimewapa kumi kwa kumi.