Mlango wa Banda la Alf

Jumatano, 28 Novemba

Ross kachaguliwa! Mpwa wangu, miaka ishirini na saba, anaichezea Australia kriketi ya siku tano kwa mara ya kwanza. Na ni hapahapa Perth, kwenye ukanda wa udongo unapodundia mpira, ninaoutunza mimi. (Bwana Pascoe, mkuu wa uwanja, atasema anautunza yeye. Aseme.)

Dada Noreen, mama yake, alilia kitandani. Daktari anasema hataiona Krismasi. Anataka kitu kimoja tu: kuliona jina la Ross kwenye mlango wa banda letu la mashine. Mlango ule aliuanzisha marehemu mumewe, Alf, alipokuwa mkuu kabla ya Pascoe. Anayepata mikimbio mia, yaani alama mia, katika zamu moja ya kupiga kwenye ukanda wetu, jina lake huandikwa kwa chaki, kisha juu yake vanishi, na hapo halifutiki tena. Miaka thelathini, majina saba. Tarr, 128, mbavu mbili zimevunjika. Mudge, 104, jicho moja limeziba. Hakuna la bure.

Maana hapa mpira ukidunda unakutafuta koo. Ross ana shingo ndefu. Nimewaza sana. Lazima nimsaidie.

Alhamisi, 29 Novemba

Nimepata! Maji! Ukanda ukilowa utakuwa laini kama uji, mpira utafia hapo chini, na kijana atapiga akiwa amesimama wima kama bwana harusi. Saa saba mchana, jua la utosi, Pascoe yuko kikaoni. Nikafungua bomba dakika ishirini. Nikakunja mpira wa maji, nikautundika. Nikaondoka nikipiga mluzi, mtu asiye na neno.

Pascoe akarudi, akaupapasa ukanda kwa kiganja, akanitazama. Akaniuliza kama mvua ilinyesha. Nikasema wingu lilipita. Akaangalia juu. Hakukuwa na wingu toka Jumatatu. Akapanda rola, akashindilia mpaka jioni.

Ijumaa, 30 Novemba

Mungu wangu. Nimefanya nini?

West Indies waliturushia sisi kwanza. Mpira wa kwanza wa mrushaji wao, Orville Springer, ulidunda, ukapita juu ya kila mtu, ukagonga uzio. Jua limekausha juu, unyevu umebaki chini, na ukanda ni mkali kuliko nilivyowahi kuuona. Watatu wetu walitolewa kwa mikimbio kumi na saba. Akaingia Ross.

Mpira wake wa kwanza ulimpitia puani. Wa pili ulimpata kifuani, tukausikia mlio hadi bandani. Springer akamsogelea, akamwambia, “Rudi kwa mama, kaka, chai inapoa.” Ross alirudi nyuma hatua moja, akajinyoosha kwenye ncha za vidole, na uliofuata akaukata juu ya vichwa vya watu hadi mpakani. Nikapiga kelele. Pascoe akaniambia nikae.

Jioni alikuwa na 44, bado hajatolewa. Nimemwona akivua shati. Sitaki kuandika nilichoona.

Jumamosi, 1 Desemba

Nilimtumia Ross karatasi kupitia anayewapelekea maji: ainame kila mpira, asubiri wachoke. Jibu likarudi kwa mdomo: “Mwambie mjomba, nampenda, anyamaze.”

Kwenye 71 Springer alimvunja mkono wa kushoto. Akaondoka? Hakuondoka. Alifungwa bandeji, akapiga kwa mkono mmoja, ule mwingine umeshika gongo kwa jina tu. Watu elfu ishirini walinyamaza kila Springer alipoanza kukimbia. Sijawahi kusikia ukimya wa namna ile. 85. 92. 97. Kisha mwenzake wa mwisho akatolewa, na ikawa basi. Ross hakutolewa. Aliishiwa na wenzake tu. Springer alivuka uwanja mzima kuja kumshika ule mkono mzima.

Tatu! Imebaki mikimbio mitatu! Kama nisingefungua bomba lile, angepata mia kabla ya chakula cha mchana. Nilijifungia chooni nikalia.

Jumapili, 2 Desemba

Siku ya mapumziko. Nilikwenda kwa Noreen. Alisikiliza yote redioni, macho yamefumbwa. Kabla sijaketi akauliza, “Wal, uliumwagilia saa ngapi?”

Nikakana. Akasema Alf naye aliwahi kujaribu, mara moja, mwaka waliooana: maji ya adhuhuri juu ya udongo ule ni petroli. Akanishika mkono. Mkono wake umekuwa mwepesi sana. Akaniapisha nisimsaidie tena mtu yeyote, kwa lolote. Nikaapa, na kwa moyo wote.

Jumatatu, 3 Desemba

Tumeshindwa, mchezo umekwisha kabla ya saa tisa. Pascoe akaniita bandani. Nikajua kazi basi. Akanionyesha ule mpira wa maji. Toka siku za Alf tunaukunja kuelekea kulia, mimi pekee ndiye ninayeukunja kushoto. Miaka kumi na tisa!

Lakini hakunifukuza. Alisema ukanda ule haukumpendelea mtu, akaongeza kuwa hajaona upigaji kama ule tangu aanze kazi. Sheria ni mia, ila hii ataivunja. Akanipa chaki. “Andika wewe, ni damu yako. Andika ilivyo. Vanishi Jumatano asubuhi.” Akatoka, ameiweka kofia kifuani.

Nikasimama mbele ya mlango. Nikaandika jina lao la ukoo: Kettley, 107.

Nani atahesabu?

Jumanne, 4 Desemba

Ross alimleta mama yake, amemzungushia blanketi mwilini. Alimbeba kwa mkono mmoja toka garini. Noreen alisoma mlango polepole, kuanzia juu, kila jina. Alipofika mwisho akasema, “Wal. Mlango wa Alf haujawahi kusema uongo.”

Hakuna aliyenigombeza. Ross alifuta namba kwa plasta ngumu ya mkono uliovunjika, akaandika 97, kubwa, imepinda kidogo. Noreen akaweka kidole juu yake, vumbi la chaki likambaki kidoleni. Hakulifuta. Nimelia mbele ya watu wote, sioni haya. Nimejifunza. Ukweli unatosha.

Wameondoka. Pascoe amekwenda kununua vanishi.

Nimeuangalia tena ule mlango. Ile saba ya Ross imekaa vibaya, kama inasubiri kitu. Kamstari kamoja tu na inakuwa tisa. Mikimbio miwili! Hata Alf asingegombana na mbili.

Chaki bado ninayo.