Kikohozi cha Shamte

Siku Shamte alipozikwa, benchi la kahawa pale Kirongwe lilianza kuwa refu. Kila mtu aliendelea kukaa palepale alipozoea, na katikati ikabaki nafasi ya mtu mmoja mwenye makalio mapana.

Asubuhi moja Sadick, aliyeitwa Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia, alifika akipunga simu.

"Jamani, tumeandikwa! Yule mtafiti wa Kizungu aliyekuja mazikoni kasema sisi ni 'jamii yenye upungufu wa huzuni'."

"Upungufu kama wa damu?" akauliza Jumanne, muuza kahawa, waliyempa jina la Kasa kwa mwendo wake. "Basi watuletee vidonge."

"Ngoja! 'Ndugu wa marehemu alivaa kofia ya marehemu, akaigiza kikohozi chake mbele ya jeneza. Mjane akacheka. Hii ni dalili ya mahusiano dhaifu.'"

Macho yote yakamwendea Kheri.

Kheri na Shamte walikuwa mabinamu, watani tangu tumboni. Kofia kweli aliivaa. Jeneza lilipotoka uani alilitangulia, akakohoa mara tatu kama Shamte, akafoka: "Polepole! Mnanitikisa kama dafu!" Asipofanya mtani, afanye nani? Lakini sasa maneno yalikuwa kwenye simu za watu, na Biubwa, mjane, alikuwa ndani ya eda na simu yake. Kheri akaweka kikombe chini.

"Biubwa akisoma, si ataona nilimcheka mumewe?"

"Tatizo ni kipimo, kaka," alisema Faraja, anayesomea sosholojia Dar, ambaye wao humwita Nadharia. "Wamechukua msiba wa kwao wakaufanya rula, wakaja kutupimia. Wasomi wetu wanapiga kelele kila siku: waulizeni kwanza wenyewe, hiki kwenu ni nini?"

"Leo umesema Kiswahili," Redio akamchoma. "Siku zote 'muktadha, muktadha', tunadhani unaumwa."

"Basi na sisi tuwatafiti," Kasa akasema, akimimina taratibu. "Kwao mtu akifa wanavaa nyeusi, wananong'ona, wanakula mkate, jioni mjane anaachiwa paka."

"Jamii yenye upungufu wa mabinamu!"

"Wapewe vidonge vya binamu, kutwa mara tatu!"

"Na paka naye ahojiwe!"

Benchi likayumba kwa vicheko. Kheri peke yake hakucheka. Tangu mazikoni hakuwahi kupita kwa Biubwa, na sasa angepita na uso gani?

Mara akatokea Jamila, binti wa Shamte.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanetu."

"Ami Kheri, mama kaisoma ile habari."

Kheri akainamisha kichwa.

"Anasema Mzungu kapatia neno, kakosea mtu. Mwenye upungufu ni wewe. Siku ile ulimchekesha akapata pumzi ya kulia, kisha ukapotea. Nyumba kimya, hata kuku wananyata. Na kofia ya baba umeondoka nayo."

"Nitairudisha leo hii."

"Kasema usirudishe. Uivae, uje."

"Mtafiti ndiye huyo Biubwa!" Kasa akajipiga paja. Redio akaizima simu yake.

Sasa kila Ijumaa akitoka msikitini, Kheri huvaa ile kofia, husimama nje ya ua wa makuti, hukohoa mara tatu, na kulalamika kwamba chai ya nyumba hii imepoa. Biubwa humjibu kutoka ndani kwamba aichemshe mwenyewe. Jamila humletea kikombe nje.