Ng'ombe Uliyemponya Si Wangu

Kwa Daktari Obadiah,
Afisa wa Mifugo.

KUH: OMBI LA KURUDISHIWA GESI TUMBONI MWA NG'OMBE

Bwana Daktari,

Salamu kwanza. Kunikosea kwako hakutaniondolea adabu.

Mimi ni Peris Wakesho wa Chawia, yule uliyempa chupa ya mafuta ya mchaichai na karafuu nimtilie ng'ombe Mashaka matone kwenye pumba, eti yatamsaidia kusaga chakula na kupunguza gesi. Nilifuata maagizo yako yote, na matokeo ni mabaya sana. Mafuta yamefanya kazi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mashaka amepona. Zamani akila majani mabichi alivimba ubavu kama ngoma, na akibeua, jirani alifunga dirisha. Siku hizi anacheua taratibu kama mke wa mchungaji akitafuna njugu, na pumzi yake inanukia chai ya harusi!

2. Amenenepa, anang'aa, na maziwa yamekuwa mengi mpaka watoto wangu wamesahau strungi, ile chai isiyo na maziwa.

3. Hapa ndipo penye uchungu. Mashaka si wangu. Ni wa Mzee Mwandawiro wa Voi, rafiki ya marehemu mume wangu, aliyemweka kwangu kwa vuturi, ile desturi yetu ya kumpa mwenzako mnyama akutunzie: maziwa yangu, ng'ombe wake. Miaka yote Mashaka akivimba, mzee hakukanyaga hapa. Jumapili baada ya ibada alipita, akamnusa, akampapasa mgongo, akasema nimetunza vizuri na atakuja kumchukua. Nilitabasamu, Daktari, lakini moyo ulinipasuka.

4. Kwa hivyo anayeninyang'anya ng'ombe si mzee, ni wewe. Ungekuwa hujui kazi, kama wale waliokutangulia, watoto wangu wangekunywa maziwa mpaka wamalize shule. Ukiendelea kuponya hivi, Chawia nzima tutabaki na kamba mikononi.

Naomba basi uje na dawa ya kurudisha gesi. Si nyingi, ya kutia aibu tu, isiyomuumiza. Abeue mara moja mbele ya mzee, kwa sauti. Nikikusubiri, nimeshaanza kumnyima mafuta.

Nisalimie mkeo Lynn, wote wa ofisini, na yule Mulei anayekuleta huku na pikipiki kama anakimbizwa na ndovu.

Ni mimi niliyeumizwa na utaalamu wako,
Peris Wakesho

N.B. Kabla sijaifunga barua hii Mashaka amevimba. Alikuwa akijipiga teke tumboni huku ananitazama mimi. Nimeshindwa, Daktari. Nimempa mafuta yote yaliyobaki, nikamsugua ubavu nikilia mpaka akabeua. Usilete gesi. Lete chupa mbili, moja ya siku alizobaki nazo kwangu, na nyingine nimfungie aende nayo. Maagizo mwandikie mzee kwa herufi kubwa, macho yake yamechoka, asije akasahau kumpa.