Hoteli Yenye Wamiliki Watatu na Pazia

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Kunipokea. Ndugu Makamu, uliyekuja kumpokea Mwenyekiti. Waheshimiwa wajumbe wa Bodi, mlio hapa na mliotuma udhuru. Wawekezaji wa kimataifa, ambao nimeambiwa mnatutazama kwa simu. Na ninyi wenye gesti za mtaa huu, ambao kuanzia leo mnaitwa wadau. (Makofi, safu ya mbele.)

Nasimama mbele ya pazia hili jeupe, kwa unyenyekevu unaolingana na cheo changu, kutangaza kukamilika kwa Mchakato wa Konsolidesheni ya Sekta ya Malazi, ambao kwa lugha nyepesi maana yake ni kwamba gesti tisa zilizokuwa zikinyang'anyana wageni pale kituoni zinafungwa, na mahali pake inasimama hoteli moja ya vyumba mia tatu na kumi na mbili, ya nyota tano, nyota ambazo tumeshazipata, bado kuzitundika. (Kicheko. Mheshimiwa anatafuta aliyecheka.)

Yuko anayeuliza hoteli ni ya nani. (Watu wanamgeukia Mama Mashuka, aliyeanza kwa kufulia watu, akapandisha gesti yake tofali kwa tofali. Wenzake wanane wamekwishakabidhi funguo. Zake ziko mapajani.) Dada yangu, hoteli za kimataifa haziendi kizamani, mtu akajenga, akamiliki, akafagia mwenyewe. Kampuni ya kwanza ina jina, na haimiliki hata kitasa. Ya pili inaendesha. Ya tatu, ambayo ni mfuko wa uwekezaji, inamiliki asilimia sabini ya hiyo ya pili na thelathini ya ile ya kwanza, na hununua jengo likishasimama. Ninyi mtapata asilimia kumi ya faida, mtakayogawana kidugu.

(Mama Mashuka anasimama. Anasema kumi kwa watu tisa ni moja na chenji, hilo amelielewa. Ila mwenye jina hajengi, mwendeshaji hajengi, mwenye fedha anasubiri lililojengwa. “Sasa anayejenga ni nani, baba?”)

Swali hilo ni la kiutekelezaji, na mimi ni mtu wa sera. Tusirudishane nyuma. Nikisema konsolidesheni, itikieni maendeleo. Konsolidesheni. (Maendeleo, anaitikia dereva wa Mheshimiwa.) Wamiliki wengi. (Hoteli moja, anaitikia tena dereva.)

Kwa kuhitimisha, nazishukuru kampuni zote tatu kwa salamu za pongezi, ambamo kila moja imetupongeza kwa jengo la mwenzake. Nawashukuru wadau wanane, ambao funguo zao zimeshatangulia makao makuu kwa usalama. Namshukuru Mama Mashuka kwa mashuka manne yaliyoshonwa pazia hili, ambalo naomba lisivutwe leo, maana nyuma yake timu ya mtaa iko mazoezini. Na kwa kuwa gesti iliyo wazi mjini ni yake peke yake, naomba msafara wangu, watu ishirini na sita, ulale kwake tena usiku huu, kisha kesho atukabidhi funguo. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Mama Mashuka amekwishafika kwenye pazia, anafungua kamba. Mpira unapita, unasimama miguuni pa Mwenyekiti. Mama anakunja mashuka yake, pembe kwa pembe, bila haraka.

“Vyumba ni kumi na moja, mheshimiwa. Mkilala wawili wawili, wanaenea ishirini na wawili. Nyie wanne wa meza kuu mtalala hotelini kwenu.”)