Jiko, kwa Ushahidi wa Mama Mdogo

Jumatatu, 4 Machi
Sijawahi kumwambia mtu: nautaka ufunguo wa maktaba ya shule kuliko ninavyotaka marafiki. Mwalimu wa Kiswahili atampa atakayemshinda mwenzake kwa maana za neno “jiko”, mbali na lile la kupikia. Sharti: kila maana iwe na sentensi ya mtu hai, neno kwa neno, na msemaji atajwe. Balaa! Mimi siwezi kumuuliza mtu hata saa. Mpinzani wangu, yule tunayemwita Kamusi, tayari anawahoji wapishi.

Jumanne, 5 Machi
Mbinu: siulizi, nasikiliza. Nimejibanza chini ya meza ya kukatia vitambaa ya mama mdogo, fundi cherehani. Vumbi! Nilipiga chafya, nikadai natafuta kifungo. Mavuno: mteja amesema gauni lake bado liko jikoni, yaani halijakamilika. Moja tu.

Jumatano, 6 Machi
Chini ya meza tena. Mgongo umekufa ganzi. Mwalimu wetu alileta suruali ipunguzwe urefu. Ileile, mara ya tatu. Alipotoka, mama mdogo akamwambia shoga yake: “Huyo anatafuta jiko! Aende dukani, hata ya gesi yapo.” Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Dhahabu! Jiko: mke.

Ijumaa, 8 Machi
Mwalimu alisoma kazi yangu kwa sauti. Alipofika “Msemaji: mama mdogo. Anayesemwa: wewe, Mwalimu”, akanitazama juu ya karatasi. Darasa zima kicheko. Akaikunja karatasi taratibu, akasema usahihi wangu hauna kasoro. Kamusi ana maana mbili pia. Sare. Neno la kuamua, wiki ijayo: “nguo”.

Jumamosi, 9 Machi
Mwalimu ametuma mtu kuchukua suruali. Mama mdogo akanibana mpaka nikasema yote. Hakufoka. Alisema alikuwa anatania tu, na kwamba kila mara alipunguza nusu inchi tu makusudi, ili mwenyewe arudi.

“Umenivua nguo, mwanangu. Tena mbele ya mtu niliyekuwa namtaka.”

Nilimwomba radhi, kwa moyo wote. Akaugeukia ukuta. Nikaenda chumbani, nikaandika: “Kuvua nguo: kuaibisha. Msemaji: mama mdogo.” Kisha nikarudi kumuuliza kama alisema “mwanangu” mwanzoni au mwishoni.