Kipande cha Mwisho ni cha Mkurugenzi

Idara ya Vibali ilitangaza, kupitia kipaza sauti kilichofungwa juu ya mlango wa choo cha wageni, kwamba kuanzia Jumatatu lugha ya Kijerumani imeruhusiwa rasmi kutumika. Wananchi waliokuwa kwenye foleni walishukuru. Wengi wao walikuwa wamefuata kibali cha kujenga ukuta, lakini hakuna aliyetaka kuonekana mkorofi.

Sababu ya tangazo ilikuwa nzito. Mashine mpya ya kupiga mihuri ilikuwa imetoka Ujerumani, na kiwanda kilichoiunda kilijitolea kumchukua mtumishi mmoja akakae kule mwaka mzima, ajifunze kuitunza. Injinia wa kiwanda angekuja kuwahoji watu kwa Kijerumani, mmoja mmoja, ndipo achague. Mkurugenzi alikuwa ameshajua nani atachaguliwa. Mke wake alikuwa ameshawatangazia ndugu wa pande zote mbili, na koti zito la sufu lilikuwa limeshanunuliwa. Kila asubuhi Mkurugenzi alilivaa, akaagiza kiyoyozi kiwashwe hadi mwisho, akakaa ofisini kwake akizoea ughaibuni.

Darasa lilifunguliwa kwenye ukumbi wa mikutano. Mwalimu, dada mmoja mwembamba asiyejua kuogopa vyeo, aliandika ubaoni: *Ich mache die Tür auf.*

"Ninafungua mlango," alisema. "Sasa tazameni. Kitenzi cha Kijerumani wakati mwingine hukatika vipande viwili. *Mache* inakaa huku mwanzoni, halafu *auf* inakwenda kukaa kule mwisho kabisa wa sentensi. Nikiifuta *auf* nikaweka *zu*, mlango uleule ninaufunga."

"Kwa hiyo anayesikiliza," Mkurugenzi aliuliza polepole, "hajui kama anafunguliwa au anafungiwa?"

"Hajui, Mkuu. Anasubiri mpaka mwisho."

"Hata sentensi ikiwa ndefu?"

"Hata ikiwa ndefu kama foleni yenu hapo nje."

Mkurugenzi alivua miwani akajifuta macho. Alikuwa ameitumikia Idara tangu ujana wake, akisemwa vibaya na watu wasioelewa kwa nini mwombaji apandishwe ghorofa nne bila kujua kama anapewa au ananyimwa. Kumbe lilikuwepo taifa zima linaloongea hivyo! Kwa mara ya kwanza alijisikia ana ndugu duniani.

Mchana uleule alitoa mwongozo. Kwa kuwa kipande cha mwisho ndicho kinachoamua, na kwa kuwa mwenye kuamua ni Mkurugenzi, vipande vyote vya mwisho vitahifadhiwa ofisini kwake. Watumishi watajifunza sentensi mpaka pale inapokaribia kwisha, kisha watanyamaza na kusubiri.

"Mkuu, sentensi moja inasemwa na mtu mmoja," mwalimu alijaribu.

Ukumbi mzima ukaupigia mwongozo makofi. Hapa inafaa ieleweke kwamba katika Idara jambo likishapigiwa makofi limepita, wala halirudishwi. Utaratibu huo aliuasisi Mkurugenzi mwenyewe, kwani huokoa muda ambao ungepotea watu wakifikiri.

Basi masomo yakapamba moto. Asubuhi watumishi walijipanga kwenye korido na kutamka kwa pamoja, "*Ich mache die Tür...*" Kimya. Katibu muhtasi wa Mkurugenzi, mama wa makamo aliyeitwa Mama Subiri kwa sababu ndilo neno aliloajiriwa kuwaambia wageni, angefungua mlango wa bosi wake. Mkurugenzi angetokeza na koti lake, akohoe, aseme: "*Auf.*" Makofi. Mama Subiri angeufunga tena. Haikuchukua muda Mkurugenzi akawa amevishika vipande vinane bila kubabaika: *auf, zu, an, ab, aus, ein, mit, zurück*. Sehemu nyingine ya sentensi hakuigusa. Hiyo ilikuwa kazi ya watu wa chini.

"Lakini bosi," Mama Subiri alimuuliza akimmiminia chai, "na ukiwa peke yako?"

"Mimi? Peke yangu?" Mkurugenzi alicheka mpaka akapaliwa. "Lini?"

Injinia akafika, mama mrefu mwenye mfuko wa spana, akaomba chumba kidogo na mlango ufungwe. Mkurugenzi aliingia wa kwanza, vifungo vya koti vimefika kooni. Injinia alimuuliza kwa Kijerumani, kwa upole kabisa, asubuhi yake huwaje.

Mkurugenzi alisubiri mtu aanze sentensi. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Palikuwa na kabati.

"*Auf*," alisema.

"*Bitte?*" Injinia aliuliza, akidhani hakusikia vizuri.

"*Zu.*" Jasho lilianza kumtiririka ndani ya sufu. "*An. Ab. Aus.*"

Injinia akamsogezea glasi ya maji. "*Mit*," Mkurugenzi alisema kwa unyonge, akanywa yote. Alipotoka, korido nzima ilimpigia makofi.

Alipoingia Mama Subiri, vicheko vilisikika mpaka kwenye foleni. "*Ich stehe um fünf Uhr...*" alianza, akanyamaza kama mwongozo ulivyoagiza. Injinia akadhani ni mchezo, akadakia: "*auf!*" Naam, anaamka saa kumi na moja. "*Ich komme um sieben im Büro...*" "*An!*" Naam, saa moja yuko ofisini. Wakaendelea hivyo, huyu akianza na yule akimalizia, mpaka chai ikapoa mezani. Injinia alimchagua palepale. Vipande vinavyokosekana, alisema, watafundishana ndani ya ndege.

Lilibaki jambo moja tu. Hakuna mtumishi anayesafiri mpaka Mkurugenzi aamue. Mama Subiri, aliyewasubirisha watu na kuwasubiri wakubwa maisha yake yote, aliutaka mwaka ule kuliko kitu chochote alichowahi kutaka, na asubuhi hiyo alimmiminia Mkurugenzi chai kwenye kikombe kilichokwisha kujaa. Mkurugenzi aliiona inavyofurika. Akaikusanya Idara nzima ukumbini. Alimwonea wivu, na alitaka kumuumiza taratibu, kwa mtindo wa Kijerumani.

"Kuhusu safari ya katibu wangu muhtasi," alisema, "kwenda Ujerumani kwa mwaka mzima, kwa gharama za kiwanda, na mshahara wake ukiendelea kutoka hapa, Idara, baada ya kutafakari kwa kina, na bila shinikizo la mtu yeyote..."

Hapo akatua, neno la mwisho likiwa tayari mdomoni, na alilifurahia.

Ukumbi ukapiga makofi. Walipiga kwa viganja, kwa viatu na kwa viti, na mwalimu, ambaye hata mtumishi hakuwa, alipiga kuliko wote.

"Inakataa!" Mkurugenzi alifoka. "Nimesema inakataa!"

Mwandishi wa kumbukumbu za kikao alimwinamia kwa heshima. "Mkuu, limeshapita."

Siku ya safari Idara nzima ilikwenda uwanja wa ndege kumsindikiza. Kabla ya kuondoka, Mama Subiri alipita ofisini kwa bosi wake kuaga.

"Bosi, nasikia baridi ya kule haina masihara," alisema. "Hilo koti, wewe huku utalifanyia nini?"

Mkurugenzi alifungua vifungo, kimoja kimoja. Mama Subiri alitoka nalo begani na, kwa mazoea, akaufunga mlango.

Kiyoyozi kilikuwa kimewashwa hadi mwisho. Rimoti ilipo alipajua Mama Subiri peke yake. Mkurugenzi, akiwa na shati tupu, alianza kutetemeka. Akasimama mbele ya mlango, akajiweka sawa, akakohoa.

"*Auf*," alisema.

Akasubiri.